Nilifuata Dawa ya Chumbani, Nikarudi Bila Jino

Mshauri wetu wa gazetini, pokea salamu za mtu mzima. Nina miaka sitini na tisa na nimezika vingi. Nimemzika mwenye nyumba aliyetaka kunifukuza karakanani, nimewaona mafundi wenzangu wakifunga milango mmoja mmoja, na hata yule daktari aliyenionya kwamba nisipopunguza chumvi na kumeza vidonge vya presha sitafika mbali, yeye katangulia na mimi nimebaki, tena jeneza lake nililichonga kwa mikono yangu na nikalibeba. Vidonge nikaviacha siku hiyohiyo. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo ukikuta sentensi yangu haina pa kupumulia, pumua wewe.

Mimi ni fundi wa vitanda. Sio meza, sio madirisha, vitanda. Nusu ya maharusi wa mtaa huu wanalala juu ya mbao zangu na hakuna kitanda changu kilichowahi kulia, na bwana harusi akija kuchukua chake namkalisha kwenye stuli namfundisha mambo ya ndoa mpaka anatoka jasho, ndiyo maana wananiita Profesa. Sasa Profesa mwenyewe, na hapa naomba usome kwa sauti ya chini, tangu mwaka jana hana anachofundisha. Nikipanda kitandani na mke wangu nia ipo, mapenzi yapo, kumbukumbu ndiyo usiseme, lakini mwenzangu wa siku zote hasimami, au anainuka kidogo kama mtu aliyedhani ameitwa, akigundua sio yeye anakaa tena.

Nikafanya kama mwanamume, yaani nikaficha. Nikasema ni mgongo. Mke wangu naye ana huruma, akawa ananichua mgongo kwa mafuta ya moto kila jioni, na ana mikono mizito, mpaka mgongo ukaanza kuuma kweli. Nikabadili mbinu, nikawa natafuta ugomvi, mara chai imepoa, mara nani kaacha mlango wazi, ili ninune nikalale sebuleni, hebu fikiria, fundi wa vitanda nalala kwenye kochi la kununua dukani ambalo hata misumari yake inaonekana. Nikanunua unga wa mizizi kwa mchuuzi wa pale kituo cha basi, aliyeniapia kwamba kuna mzee wa miaka tisini kautumia na sasa majirani wanamlalamikia, nikaukoroga kwenye chai, moyo ukanienda mbio kama msumeno wa umeme, nikakaa chini kwenye maranda mpaka ukatulia, na kule kwenyewe hakuna lililotingishika.

Basi nikaenda kliniki, usije ukasema sikwenda. Nikapanga foleni, maneno yangu nimeyapanga vizuri, nafika dirishani msichana wa mapokezi akaniuliza kwa sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya barabara, "Mzee, unasumbuliwa na nini?" Nikageuka, nyuma yangu yupo muuza magodoro wa mkabala na karakana yangu, na nyuma yake mama mkwe wa bwana harusi niliyemfundisha wiki ile. Nikasema macho. Nikatoka na miwani, mimi ninayeona msumari uliopinda nikiwa ng'ambo ya uwanja.

Nikarudi mwezi uliofuata, nikaapa safari hii nasema. Akaniuliza tena vilevile. Nikasema jino. Daktari wa meno akagonga gego moja lenye katundu kadogo, nikaguna ili aniamini, akasema hilo linazibika tu halina haja ya kung'olewa, nami kwa kuwa sipendi kuonekana nimeenda kumpotezea mtu muda nikamwambia ng'oa. Liling'oka kwa shida, hilo nalisema kwa fahari. Sasa nikifikiria kurudi mara ya tatu naogopa nitatoka bila sikio.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Juzi mke wangu alinunua mashuka mapya, akayapiga pasi, akatandika, akajipaka mafuta yake yale ninayoyapenda, na mimi nikaanza kupiga kelele kuhusu pasi kumaliza umeme. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kitanda nilichokichonga kabla hatujaoana, akasema, "Baba, kama kuna mwanamke mwingine, niambie nimjue. Kama hakuna, basi ni mimi nimekuchosha, na hilo nalo niambie." Nikashindwa kusema hata jino. Tangu siku ile analala chumba cha binti yetu aliyeolewa, na ameshamwambia dada yake kwamba mwisho wa mwezi anahamia kwake. Begi liko nyuma ya mlango. Nililitingisha, lina vitu.

Sitaki aondoke. Kwa hiyo naomba uniandikie jina la dawa yenye nguvu nikainunue kimyakimya, mambo ya daktari tuyaache, na mke wangu asijue lolote. Na kama unadhani najisifu, muulize muuza magodoro mimi ni mtu wa namna gani, muulize yule daktari wa meno kuhusu mizizi ya gego langu, na muulize bwana harusi yeyote wa mtaa huu kama kitanda changu kimewahi kulia.

Ni mimi, Profesa.

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, Profesa. Heshima nimeshatoa, sasa kaa kwenye ile stuli yako nikufundishe.

Jina la dawa sikupi. Dawa hizo zipo na zinawasaidia wengi, lakini haziendani na kila moyo, na ukizichanganya na baadhi ya dawa za moyo zinaweza kukuua. Anayejua moyo wako una nini ni daktari atakayekupima, na wewe umepimwa macho na meno tu. Ule unga wa kituo cha basi mwaga leo. Hakuna anayejua umetiwa nini ndani, na ulipokaa kwenye maranda ukisikiliza moyo wako, mke wako alikaribia kuwa mjane bila hata kuambiwa sababu.

Hilo lililokupata linawapata wanaume wengi sana, na kwa umri wako ndiyo usiseme. Halina maana kwamba uanaume umekwisha wala kwamba humpendi mkeo. Mwenzako wa siku zote anategemea damu ifike, na presha uliyoiacha bila dawa inaharibu njia za damu. Sukari nayo inafanya hivyohivyo, na sigara, na pombe, na hata wasiwasi peke yake, maana mwanamume akishaanza kujisimamia kama mkaguzi usiku mzima, hakuna kinachofanyika. Wakati mwingine kule chini ndiko kunakotangulia kutoa taarifa kwamba moyo una shida. Wewe umeletewa taarifa, umeenda kununua miwani. Na kumzika daktari, mzee wangu, hakujaizika presha yako.

Ukifika kliniki hulazimiki kulitangazia dirisha. Sema, "Nina presha, na nina jambo la faragha la kumwambia daktari." Yote mawili ni kweli, na muuza magodoro hatapata cha kusimulia. Ukitaka daktari mwanamume, omba. Ndani atakupima presha na sukari, atauliza dawa unazotumia, na atauliza kama alfajiri mambo huwa yanaamka yenyewe. Usione haya, mwambie ilivyo. Ameshayasikia kwa wengi kabla yako na hatacheka. Kwa habari ya gego huenda akacheka, na hapo atakuwa na haki. Ukipewa vidonge vya presha, vimeze. Ukihisi ndivyo vinavyokulegeza, rudi ukaseme abadilishe, usiviache tena kwa hasira.

Lakini kabla ya daktari kuna mtu mwingine. Umenipa mashahidi wako, nimewasoma. Muuza magodoro anajua magodoro. Daktari wa meno anajua gego. Maharusi wanajua vitanda vyao. Aliyekuwepo kwenye jambo hili ni mmoja tu, naye ndiye umemruka, na amekaa mwaka mzima akijilaumu kwa kosa ambalo halipo. Amekuchua mgongo mzima bila kulalamika, amevumilia kelele za pasi, amekuuliza kwa upole kuliko ulivyostahili. Unaogopa akijua ataondoka, kumbe begi limejaa kwa sababu hajui.

Leo funga karakana mapema. Usianze na chai wala mlango. Mwambie hakuna mwanamke mwingine, mwambie si yeye, mwambie ni mwili wako na ulikuwa unaona aibu. Mwambie na la jino, acha acheke, mmekosa kicheko humo ndani kwa muda mrefu. Halafu mwombe akusindikize kliniki mkae benchi moja. Mkifika dirishani mkaulizwa mzee anasumbuliwa na nini, na ukausikia ulimi wako unateleza kuelekea sikioni, nyamaza, mwachie yeye ajibu. Huyo hajawahi kukuonea aibu.