Projekta Iliyozima Kila Mama Alipoketi

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, tarehe 14 Julai
Asubuhi mawingu mazito, baridi, manyunyu mpaka saa tatu.

Mpendwa mdogo wangu,

Shikamoo yako ya Ijumaa niliisikia, ila mama aliiwahi simu kabla sijaitikia, kwa hiyo marahaba yako ipokee hapa. Hujambo? Kile kikohozi kimekwisha au bado unakidanganya kwa chai? Wifi yangu anapata usingizi, au mtoto bado anamgawia kwa vipande? Na huyo somo wa mama, meno yamefika mangapi? Sisi huku ni wazima. Mimi mafua yameondoka na sauti yangu. Nikimwita mtu kule stoo ya kazini, wanadhani ni mlango unaolia. Mjomba ni mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi kusema neno mama asilisikie. Siku hizi masikio yake yanafanya na kazi ya macho. Haya ninayotaka kukueleza yanamhusu yeye, na sehemu nyingine ni aibu yangu mwenyewe.

Kwanza macho. Tarehe 5 Juni nilimpeleka tena kwa daktari. Unajua kwamba kinachofifia ni katikati. Pembeni bado anaona, lakini akimtazama mtu usoni anaona wingu lenye masikio. Picha kubwa ndani ya chumba chenye giza ndiyo pekee inayompa uso mzima, ndiyo maana ile projekta yetu kuukuu imekuwa kwake kama miwani. Nilimuuliza daktari hiyo nayo itamfaa mpaka lini. Alisema hawezi kutaja mwezi, ila kama kuna kitu mama anataka kukiona, tusikiweke kiporo. Maneno hayo nimeyaandika kwenye daftari langu kama alivyoyatamka.

Siku nne baadaye ikafika flashi yenu, ile yenye video ya mtoto anapoanza kutembea. Tukafunga mapazia, tukawasha, na projekta ikafa. Haikuzima kwa adabu. Ilitoa harufu ya plastiki inayoungua, moshi mwembamba, kisha kimya. Mama alikuwa ameona miguu tu.

Niliipeleka kwa fundi wa redio na televisheni, yule tunayemwita Fundi Taratibu kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila swali. Alikuta bodi ya umeme imeungua: kapasita mbili zimevimba kama mkate uliozidi hamira, na njia moja ya shaba imekatika. Kazi ilichukua wiki tatu, maana kapasita za aina ile zimekuwa adimu. Jumatatu tarehe 1 Julai niliifuata. Aliiwasha mbele yangu, ikaenda saa mbili nzima bila hata kukohoa.

Jioni hiyo nikairudisha mahali pake, juu ya kile kistuli kilicho ubavuni mwa kiti cha mama. Shuka jeupe ukutani, mama na blanketi lake, mjomba kwenye kochi. Dakika kumi na nne. Taa nyekundu ikapepesa, feni ikapiga kelele, giza.

Unanijua. Nilifungua ukurasa mpya wa daftari, nikachora mistari kwa rula. Jumanne nilibadilisha soketi: dakika kumi na tatu. Jumatano nikabadilisha kebo: kumi na nne. Alhamisi nikachomoa kichujio cha vumbi, nikakisugua kwa mswaki mpya: kumi na tano, nikajipongeza mapema. Muda wote huo mjomba alinipa ushauri kutoka kochini. Kwamba niipige kofi. Kwamba niiwekee barafu. Kwamba mashine ni kama ng'ombe, haikubali mkono wa mtu mwenye hasira. Nikamwambia yeye hajawahi kufuga hata kuku. Akasema ndiyo maana hakuna ng'ombe aliyewahi kumkataa.

Ijumaa ndiyo iliyonichanganya kabisa. Mchana mama alikwenda kwa jirani kusukwa nywele, mimi nikaiwasha peke yangu, ikaenda saa moja na dakika arobaini mpaka nikachoka mimi. Sikuweka flashi yenu. Niliona si haki kumtangulia mama. Niliweka mafunzo ya kazini ya jinsi ya kupanga shehena, mtu akitaka adhabu ndiyo hiyo. Mama aliporudi nikamwambia kwa kujiamini kwamba leo tunamaliza. Dakika kumi na tatu.

Hakulalamika. Alikunja mikono mapajani akasema, "Mwanangu, kiache chombo hicho. Ukiwa peke yako kinafanya kazi, nikiketi mimi kinazima. Hakinitaki."

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Sasa aibu yangu. Jumamosi niliifunga projekta kwenye kikapu nikaenda nayo kwa fundi. Kwenye benchi lake walikuwapo wateja watatu. Mimi, ambaye kazini nasifiwa kwa uvumilivu, nilisimama mlangoni nikasema kwa hiyo sauti yangu ya bawaba kwamba ametuwekea spea za kuokota, na kwamba mama yangu ndiye anayelipia uzembe wake kwa macho. Fundi alifungua droo, akatoa kiboksi cha kiberiti, ndani yake kapasita zetu mbili zilizovimba na karatasi yenye tarehe. Kisha akaifungua projekta mbele ya wote, akanionyesha zile mpya, akazipima kwa mita moja moja. Zilikuwa nzima. Wale wateja wakaanza kukagua dari.

Nilikuwa nimebeba daftari kama ushahidi. Akaliomba. Alisoma ukurasa wote huku kidole kikifuata mistari yangu, halafu akanirudishia.

"Dada, umeandika soketi, kebo, vumbi na dakika," alisema. "Watu hukuwaandika."

Sikumwelewa. Akasema kesho yake atakuja nyumbani, wala hataleta bisibisi. Tukae tu kama tunavyokaa siku zote.

Jumapili alikuja kweli. Alipewa kiti karibu na mlango, na tangu nilipowasha hakutazama ukutani hata mara moja, alitazama mashine. Dakika ya tisa akainuka, akachutama kando ya mama, akapitisha mkono gizani. Kisha akaniita kwa kidole.

Hewa ya moto ya projekta hutokea ubavuni, upande uleule wa kiti cha mama. Na unajua goti lake likikutana na baridi. Basi mama, kidogo kidogo, bila kumwambia mtu, alikuwa akilivuta blanketi: pindo moja juu ya goti, pindo jingine juu ya mashine, hema kamili, na joto lote linabaki humo linamkanda. Mashine ikawa inavuta moto wake yenyewe, ikizidiwa inajizima. Chumba giza, macho yangu yote ukutani, ningeona wapi?

Fundi hakumwambia kitu. Aliuliza tu, "Mama, goti linaendeleaje?"

"Siku hizi namshukuru Mungu," mama akajibu. "Jioni jioni linalegea. Tangu uitengeneze hii mashine, mwanangu, umenitengeneza na mimi."

Mjomba alicheka mpaka akajishika mbavu. "Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Tunamsaka mchawi kwenye soketi, kumbe yumo blanketini."

Mama naye alicheka, kidogo. Nikajua anafikiri nini, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeshafika hapo. Alimuuliza fundi kama hata ile siku ya moshi ilikuwa hivyohivyo. Baridi ilikuwa imeanza tangu mwisho wa Mei. Nilitamani aseme uongo. Alisema bodi ilikuwa na umri wake na ingeungua siku moja, lakini ndiyo, joto liliiharakisha. Mama akahesabu kwa vidole wiki tatu za karakana na wiki moja ya kuzimazima.

"Basi mwezi mzima wa macho nimeuunguza kwa ajili ya goti," alisema.

Mjomba alitazama viatu vyake. Fundi ndiye aliyeuliza kama tuna ubao.

Ubao ulikuwapo, ule wa kitanda chako cha zamani, usinikasirikie. Mjomba alituacha midomo wazi: kumbe msumeno anaujua. Kufikia Alhamisi projekta ilikuwa juu ya rafu, kwenye ukuta wa nyuma, mahali ambapo blanketi haliwezi kufika labda lipewe ngazi. Goti nimelinunulia chupa ya mpira ya maji ya moto. Mama anasema ni nzuri ila haina mazungumzo, ile feni alikuwa ameshaizoea.

Jumatatu nilirudi kwa fundi saa ileile niliyomtukania. Nilitaka wale wateja watatu wawepo, alikuwepo mmoja. Nikamwomba radhi kwa sauti ya kufika barabarani. Akasema, "Taratibu, dada," akaniwekea kiti. Halafu akaniomba nimchoree ukurasa kama wangu kwa ajili ya mashine za wateja wake, na safu moja zaidi, ya watu. Nimemchorea kumi. Na daftari langu nalo nimeliongezea safu hiyo.

Mengine madogo: bati la jikoni limeacha kuvuja. Mama amemfumia somo wake soksi kwa kupapasa. Moja itamtosha mtoto na nyingine itakutosha wewe. Nazituma hivyohivyo, amekataa katakata nisizifumue.

Sasa la jana. Saa kumi na mbili unusu tulifunga mapazia. Sikushika saa mkononi, nilikuwa nimeapa, ila macho yalikwenda yenyewe kwenye saa ya ukutani. Dakika ya kumi na tano ikapita. Ya ishirini ikapita. Mtoto alipogeuka, uso wake ukajaa shuka zima, mama akaniambia nisimamishe. Alilaza kichwa pembeni kama afanyavyo sasa, ili kuona kwa ukingo wa jicho, akakaa hivyo muda mrefu, midomo inatembea bila sauti.

"Paji la uso ni la baba yenu," alisema mwishowe.

Mjomba akadai ni la kwake.

"La kwako linaishia kisogoni," mama akamwambia, wala hakugeuka. "Endelea, mwanangu."

Alizihesabu hatua zote saba, na mtoto alipoanguka alisema pole, akanyoosha mkono kama vile angemfikia. Alimwona wifi akicheka, akasema ana uso wa mtu asiyelala lakini asiyenung'unika. Flashi yote ni dakika hamsini na mbili. Ilikwenda hamsini na mbili. Nilipovuta pazia mama alikuwa na machozi, lakini yale ya utulivu, nikadhani amemaliza.

Hakuwa amemaliza. Aliniambia, "Nimemwona mtoto, nimemwona mama yake, nimeona hata paka wao. Mwanangu yuko wapi?"

Nilimweleza kwamba wewe ndiye unayeshika kamera. Akasema, "Basi ampe mtu aishike."

Mdogo wangu, nimerudi kwenye daftari. Flashi sita umetuma tangu uondoke, na wewe humo ni kivuli kimoja sakafuni na mkono unaompa mtoto kijiko. Hatukuligundua, sisi wenye macho. Kwa hiyo nakuomba, wiki hii, usingoje sikukuu wala nywele kukatwa. Kaa karibu na dirisha, mwanga ukupige usoni na si mgongoni. Nyuma yako pawe na ukuta mtupu. Wifi asogee mpaka uso wako ujae picha nzima, aiweke kamera mezani isitikisike. Usitembee. Geuka taratibu kushoto, kisha kulia, kwa sababu mama anaona kwa pembeni na atataka kukuzunguka. Kisha tazama mbele, ukae hivyo dakika kumi. Ukikosa la kusema, usiseme. Sauti yako anaipata kila Ijumaa. Uso ndio hana.

Nimemwambia itafika. Sikumwambia lini.

Msalimie wifi, mwambie nimeona kazi anayoifanya. Mbusu mtoto kwenye hilo paji linalogombewa. Mama anakuombea njia nyeupe na mlango usiofungwa. Mjomba anakuombea akili, anasema mengine utatafuta mwenyewe. Mungu akutunze huko uliko mpaka tutakapokaa chumba kimoja.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikikutuma.

Mama amelala tangu saa mbili. Mimi naingia kulala saa nne na robo.