Shangazi, Ilikuwa RAM

Sofia, Voi
9 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Wakesho,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na baridi ya Kitale iwe imeyahurumia magoti yako. Abby aliniambia kina mama wa kanisa wamekufumia sweta nzito, nikafurahi. Sisi huku tuko, Mungu anasaidia. Voi ni jua tu, jua la kukausha mate. Ronge wamepata mvua kidogo na mahindi yamesimama vizuri, ila nyani hawajaacha tabia zao. Fridah wangu anakusalimia sana. Mtoto ameanza kusimama kwa kushika meza, na akianguka anatuangalia kwanza aone kama kuna haja ya kulia.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yangu huchukui. Sikulaumu. Nimempa barua Maundu, yule jirani yetu wa lori, anakuja huko kubeba mahindi. Abby atakusomea, maana uko kwake. Abby dadangu, tafadhali usiruke mahali, hata pale utakapotaka kuichana.

Shangazi, nina aibu. Nimeanza barua hii mara kadhaa nikaitupa, kwa hivyo acha niseme tu ilivyokuwa.

Unakumbuka duka langu la cyber lilivyoanza kusumbua mwaka jana. Ile kompyuta kubwa, ninayotumia kwa kazi za watu, ilikuwa inazima katikati ya kazi. Ikiwaka, inaleta skrini ya buluu yenye maandishi, inazima tena. Barua za watu za kuomba kazi zikawa zinapotea. Halafu ikaja ile programu ya mazishi ya mzee mmoja wa Mraru. Nilipoifungua ili niichape, picha ya marehemu ilikuwa nusu uso. Upande mmoja mzee anatabasamu, upande wa pili ni mistari ya kijani na zambarau. Binti yake alipiga yowe pale dukani. Tangu siku hiyo watu wakaanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu, na mimi, ole wangu, nikawasikiliza.

Nilibadilisha waya. Nilipuliza vumbi. Niliweka Windows upya. Ilipokataa kupona nikaacha kutafuta ndani ya kompyuta, nikaanza kutafuta ndani ya watu.

Na nikakupata wewe. Nilikumbuka kwamba nilifungua duka bila kukuita. Wewe uliyenilea mama alipofariki, uliyeshuka na mboga kutoka Ronge hadi soko la Voi ili mimi nisome, ulijua habari za duka kwa kuonyeshwa picha kwenye simu ya Abby. Uliponipigia ukasema, "Haya, hongera mwanangu," mimi nikaisikia baridi. Baridi yenyewe ilikuwa yangu, Shangazi. Nilijua nimekukosea, na mtu aliyekosa husikia hata asichoambiwa.

Basi nikapanda Ronge kwa Baba Mdogo Onesmus. Unamjua mdogo wako, kanisani ni mzee wa kanisa, lakini mambo ya kwetu hajayaacha, bado anaamini hasira ya ndugu huharibu kazi ya mtu. Aliponiuliza kama kuna mtu wa damu yetu mwenye kinyongo na mimi, nikataja jina lako mbele ya jamaa wote waliokuwepo. Halikunikwama hata kidogo kooni.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, maana yalikupata wewe. Tulikupigia, tukaweka spika, tukakwambia ufanye kutasa, uteme pombe na kuitoa hasira moyoni. Ukasema huko uliko hakuna pombe ya miwa, tukakwambia maji yatatosha. Tukakusikia ukijaza mdomo na kuyatema, ukisema kama kuna hasira moyoni mwako, unayoijua na usiyoijua, itoke, na kazi ya mwanao ipate amani. Mtu mzima kama wewe, ugenini, unatemeshwa maji kwenye simu kama mshtakiwa. Sisi huku tulikuwa tumeketi tunakunywa chai.

Kompyuta ikakaa sawa siku chache. Nilishangilia kama mjinga. Ilipozima tena nikakupigia mimi mwenyewe, nikakwambia, "Shangazi, hukutoa yote." Ukasema, "Labda." Hilo ndilo neno la mwisho nililosikia kutoka kwako. Baadaye Abby akatuambia umesema Desemba huji, ubatizo wa mtoto huji, na hata ukifa uzikwe hukohuko Kitale.

Sasa sikia upumbavu wangu. Juzi juzi Fridah alinikuta nimeshika kichwa mbele ya ile mashine. Akaniuliza, "Wewe si ulisomea hizi vitu? Ushaipima kwanza?" Nilikuwa nimempima shangazi yangu kabla ya kupima kompyuta.

Kompyuta ina kitu kinaitwa RAM, Shangazi. Ndiyo memori yake, mahali inaposhika mambo wakati inafanya kazi. Kuna programu ya kuipima, ya bure, hata sikuhitaji kununua. Inaandika kitu kwenye ile memori, kisha inakisoma tena ione kama ndicho kile kile. Ni kama unavyomtuma mtoto dukani na kumwambia arudie alichotumwa, ukisema nusu kilo ya sukari akakujibu kiberiti, unajua hapo kuna shida. Niliiweka kwenye flash, nikawasha kompyuta nayo, tukaenda kanisani. Tuliporudi skrini ilikuwa nyekundu, mistari na mistari ya makosa.

Mashine ina RAM mbili. Nikatoa moja nikapima, safi kabisa, hakuna kosa hata moja. Nikaweka ile nyingine peke yake, nyekundu. Nikaihamisha nafasi nisije nikasingizia tena, bado nyekundu. Nikakaa hapo naiangalia. Na hiyo mbovu niliinunua mimi mwenyewe, kuukuu, nikaiongeza kwa mkono wangu, na wiki ileile ndipo shida zikaanza. Tangu niitoe kompyuta haijazima.

Ndicho hicho kipande cha kijani kilichomo ndani ya bahasha. Kishike, Shangazi. Hicho ndicho kilichokula uso wa mzee wa Mraru.

Nimerudi Ronge nikawaita walewale, palepale kwa Baba Mdogo, nikasema yote. Baba Mdogo akaniuliza, "Sasa mtu uliyemwita mchawi utamwelezaje hiyo RAM yako?" Nikasema hatukumwita mchawi. Akasema, "Ulimwita nini basi?" Nikainama. Mwishowe na yeye akainama, maana simu tuliyokupigia ilikuwa yake.

Nilidhani nimemaliza. Nilidhani umeninyamazia kwa hasira, na hasira yako ningeibeba, ni haki yako. Kisha Jumatano Abby akanipigia. Akaniambia huna hasira na mtu. Kila asubuhi kabla ya chai unatoka nje na kikombe cha maji, unageukia huku kwetu, unatema na kuomba ile hasira usiyoiona ikutoke. Simu huchukui kwa kuogopa sauti yako isije ikaharibu kazi yangu. Nyumbani hutaki kuja usije ukamdhuru mtoto.

Nililia dukani, Shangazi, mteja akiwa amesimama na kitambulisho chake mkononi akingoja fotokopi. Miezi yote hii unatafuta ndani yako ubaya ambao niliuweka mimi kwa mdomo wangu.

Baba Mdogo anakusalimia, anasema atakupigia akipata uso wa kukupigia. Jedidah wa kwaya anauliza utarudi lini, sauti ya tatu imebaki bila mwenyewe. Msalimie Abby na wanawe. Ubatizo tumeusogeza mpaka Pasaka, na mchungaji nimemwambia wazi hatubatizi kabla hujafika, maana ni wewe utakayembeba mtoto. Kama hutaki kuja kwa ajili yangu, njoo kwa ajili yake. Yeye hajakukosea kitu.

Moyo wako ni safi, Shangazi. Ulikuwa safi siku ile ya simu, na siku niliyokuambia hukutoa yote hapakuwa na cha kutoa. Kesho asubuhi ukichota yale maji, tafadhali usiyateme. Yanywe.

Mungu akulinde kila uendako, na akupe usingizi niliokunyima.

Ni mimi mwanao, nikupendaye kwa aibu yote,

Sylus