Kwa Kabanga, Aliyeenda Kuteka Maji

Kabanga, pacha wangu, mnyang'anyi wa titi la kushoto,

Sijui kama huko uliko watu wanasoma. Weye na minye tulifika darasa la nne kwa mapadri, na hata hilo la nne tulilipita kwa ujanja: mwalimu akituita ubaoni mmoja mmoja, weye ulienda mara mbili, mara ya pili ukiwa umevaa shati yangu. Kwa hiyo soma mpaka utakapoishia. Sehemu iliyobaki nitakuja kukusomea mwenyewe, lakini si wiki hii. Shika hilo neno vizuri, si wiki hii. Ndiyo sababu nakuandikia, na tena kwa barua iliyo wazi, wasikie na wengine, ili usije ukasema hukuambiwa.

Unakumbuka mama alitupa sheria mbili tu, wakati watoto wengine wa camp ya wafanyakazi walikuwa na kumi. Ya kwanza: anachopewa Mbuyi, yaani minye, Kabanga naye apewe, hata kama ni kofi. Ya pili: pacha hafi. Pacha anaenda kuteka maji. Ukisema lile neno lingine, aliyebaki naye anachukua ndoo na kumfuata. Watu walimwita Mwa Mbuyi, mama wa mapacha, na alisema haya akiwa anasonga bukari, bila kugeuka, kama mtu anayekuambia usikanyage mahali penye maji. Tukacheka. Minye nilicheka zaidi.

Tangu uende, sijawahi kusema lile neno. Watu wakiniuliza, nasema ameenda kuteka maji. Wanatikisa kichwa. Wengine, wale wa kanisa jipya, wananionea huruma.

Na ile sheria ya kwanza niliishika pia. Nyuma ya jiko, pale mama alipozika vitovu vyetu viwili katika shimo moja, ndipo papa, baba yetu, alipopanda majani yake, yale aliyoyaleta kutoka Kasai pamoja na sanduku lake la bati alipokuja kuchimba shaba. Yeye aliita diamba, polisi wanaita bangi, magoti yangu yanaita dawa. Kila msimu wa mvua nilichimba mashimo mawili, langu na lako. Na kila mwaka mti wako ulirefuka kuupita wangu, kwa ubaya tu. Nilikuwa nakutukana huku nikikumwagilia.

Sasa udongo umekufa, Kabanga. Wale wanaoosha mawe ya madini kule juu wanaachilia maji yao yashuke, na mvua inayaleta mpaka kwenye viwanja vyetu. Mwaka jana majani yalitoka na rangi ya senti ya zamani, yakajikunja, yakaanguka. Mti wako ndio ulianguka kwanza. Nilichimba kutafuta mizizi, nikakuta kitu cheusi kinachonuka kama betri.

Tshala akaja kutoka Lubumbashi. Binti yangu huyo ulimwacha ndio kwanza ameolewa. Sasa ni mama wa watoto wawili, na kazi yake ni kulima mboga bila udongo. Usicheke. Wanatumbukiza mizizi ndani ya maji, wanatia dawa kidogo ya kuilisha, na pampu ndogo inapuliza hewa chini ili mizizi isikose pumzi. Aliniletea ndoo moja yenye kifuniko, na kifuniko kina tundu moja katikati. Akaniambia: "Papa, udongo yenu ilishakufa. Panda tomati humu, utakula vizuri."

Alipopanda tu gari kurudi, nilipanda unachokijua.

Sikiliza kosa langu sasa. Tundu lilikuwa moja, nikatia mbegu moja. Niliona, Kabanga. Mkono ulisimama kidogo. Kisha nikasema kwa sauti, peke yangu pale jikoni: "Kabanga atanisamehe, hana hata mapafu ya kuvutia." Nikacheka mpaka kukohoa.

Mti ulikua vizuri, vizuri kupita kiasi. Lakini mizizi, ndugu yangu. Miaka yote hii nimelima sikuwahi kuona mizizi ikiwa hai. Udongo una adabu, unaificha. Ukiinua kifuniko, inaning'inia pale nyeupe, laini, mirefu, kama nywele za mama siku ile tuliyomwosha. Inajisogeza kidogo kwa sababu ya pampu. Nilikuwa naifunika haraka.

Halafu maji yakaanza kupungua. Tshala alikuwa ameniwekea alama ndani ya ndoo kuonyesha mti unakunywa kiasi gani kwa siku. Nikimwambia kwa simu maji yamefika wapi, anahesabu, ananiuliza kama ndoo imetoboka. Haijatoboka; niliiweka juu ya gazeti kavu siku tatu, na gazeti lilibaki kavu. Mwishoni akasema: "Papa, muti moya haikunywake vile. Ni kama iko mbili."

Niliangalia lile tundu moja.

Sasa nikukumbushe mchezo wetu. Tulikuwa tunakata bua la jani la papai, lile lenye uwazi ndani, kila mmoja lake, tunainama juu ya beseni la mama na kupuliza mapovu majini. Anayeacha kwanza ameshindwa. Weye ulikuwa na namna yako: mafupi matatu, moja refu. Mafupi matatu, moja refu, macho yamekutoka kama chura. Na minye nilishinda kila siku, kwa sababu nilikuwa navuta hewa kwa pua, nimejifunika na kiwiko. Hukujua. Au ulijua ukaniachia. Hilo ndilo linalonisumbua uzeeni, kwamba labda ulijua.

Siku moja mchana, jua kichwani, kuran, umeme wa bwawa la Koni, ikakatika. Unajua namna mtaa unavyonyamaza: redio ya jirani, mashine ya kusaga mahindi, friji ya yule mwenye vinywaji, vyote vikafa pamoja. Nilikuwa nimekaa jikoni nachambua lengalenga. Katika ule ukimya nikasikia ndoo inaendelea kutoa mapovu.

Nikasema, pampu inamaliza pumzi yake. Nikangoja. Haikumaliza. Nikaweka mboga chini nikasikiliza vizuri. Mafupi matatu. Moja refu.

Sikukimbia, magoti hayaruhusu. Nilibaki nimekaa mpaka kuran iliporudi, na mapovu yakawa ya kawaida tena, ya kijinga, mfululizo.

Nilijua unataka nini. Haikuwa mti.

Ulipolala kile kitanda cha mwisho, daktari alisema maji yameingia kwenye mapafu. Nilikaa karibu yako siku nne, na pumzi yako ilikuwa inapita ndani ya maji yale kwa namna ileile: mafupi matatu, moja refu. Ukaniangalia. Na minye, mjuzi wa maneno, nilisema nini? Nilikuambia kwamba unapuliza vibaya.

Haya, niseme lote, maana barua imefunguliwa.

Polisi walikamata bangi nyuma ya jiko langu, na minye ndiye nilipelekwa gerezani Buluo. Ndoa ya Tshala ilikuwa imebaki siku chache, mama yake alikuwa ameshatutoka zamani, na binti angesimama mbele ya padri bila mzazi hata mmoja. Ulikuja kuniona siku wafungwa tulipokuwa tunalima shamba la nje, umebeba sufuria ya bukari. Tukachuchumaa katikati ya mahindi. Shati yangu ikaja kwako, yako ikaja kwangu. Nilikuambia ufunge mdomo kwa sababu weye ulikuwa na meno yote. Mlinzi akahesabu vichwa, akakuta vimetimia, akarudi kivulini kwake. Nilibeba sufuria tupu nikaenda zangu barabarani, na mgongo wangu ulikuwa unawasha kwa kicheko.

Ulisema neno moja tu: "Yenga mbili, Mbuyi. Ya tatu unarudia."

Nikaapa kwa vitovu vyetu. Wiki mbili, kisha nirudi na sufuria nyingine.

Nilicheza kwenye ile ndoa mpaka viatu vikapasuka. Jumapili ya tatu mvua ilinyesha. Ya nne baiskeli ilikuwa na pancha. Ya tano sikutafuta hata sababu. Niliogopa, Kabanga. Nilikuwa nimeonja kitanda changu. Ukamaliza miezi yangu yote mitatu, ukatoka na karatasi yenye jina langu na kikohozi ambacho kilipaswa kuwa changu. Hospitali wakaandika walichokikuta kwenye karatasi. Kwa serikali, minye ndiye nilienda kuteka maji. Nilikuwa nalisema hilo kama mzaha tukinywa munkoyo, na watu walicheka.

Lakini kuna mmoja ambaye sikumwambia. Tshala aliambiwa kwamba nilisamehewa mapema, na kwamba weye umeenda Kolwezi kutafuta kazi. Aliona kiti cha baba yake mudogo kiko wazi siku ya ndoa yake. Uliporudi akakuuliza mbele yangu, bila kukupa mkono: "Kolwezi haikukuwa na njia ya kurudia siku moya?" Na weye, mwenye meno yote, ukainamisha kichwa ukasema: "Samahani, mutoto. Kazi ilinishika." Hakukuuguza. Alikuja mazishini akakaa nyuma.

Kumbe nilikuwa nimekunywa sehemu yangu na yako pia, miaka yote hii.

Tshala alikuja wiki iliyopita kukagua ndoo. Alifungua mlango wa jikoni, akanusa, akasimama. "Papa, nilikuletea ndoo ya tomati." Nikamwambia ni tomati za Kasai. Alikuwa bado ananigombeza, ameinama juu ya kifuniko, kuran ilipokatika.

Mtaa ukanyamaza. Mafupi matatu. Moja refu.

Tshala ni mtoto wa shule, haamini vitu vyetu. Akaweka mkono juu ya pampu. Ilikuwa imetulia kabisa. Akachomoa waya ukutani. Akainua kifuniko. Mapovu yalikuwa yanapanda katikati ya mizizi, taratibu, na mizizi ilikuwa imegawanyika sehemu mbili, kama nywele ambazo mtu amezipanga kwa chanuo. Akanitazama na uso wa mtoto mdogo.

"Papa, ni nani anakunywa?"

Nikamwambia. Nilianza na shati, nikamaliza na kikohozi. Sikuweka utani hata mmoja, na weye unajua nilivyoumia kwa hilo. Alinisikiliza amesimama. Nilipomaliza, mapovu yalikuwa yamesimama. Sijui yalisimama kwenye neno gani.

Hakulia. Alisema kwa sauti ndogo, "Alikaa kule gerezani juu ya ndoa yangu, na minye sikumupatia mukono." Kisha akatazama huku na huku, akachukua ndoo yangu ya kuogea, akaiosha kwa mchanga mara mbili, akaelekea mlangoni. Nikamuuliza anaenda wapi.

"Ninaenda kuteka mayi."

Kabanga, maneno yaleyale, kwenye mdomo wa mtoto wangu. Nilijaribu kusimama, magoti yakakataa. Nilikaa pale nikahesabu hatua zake mpaka kisima cha jirani, nikahesabu na nyingine ambazo sikuzisikia. Nilikuambia kwa sauti kubwa, labda ulinisikia: mchukue mzee, mwache huyo. Sijawahi kukuomba kitu bila kukudanganya. Hiyo ilikuwa ya kwanza.

Alirudi. Amelowa mpaka mapajani, ndoo imejaa hadi mdomo. Akaiweka kando ya yangu, akaandika jina lako juu yake kwa rangi ya kucha. Hakutia mbegu, zilikuwa zimeisha. Akapiga goti, akatumbukiza mkono wake wa kulia ndani ya maji, akauacha humo muda mrefu, kama mtu anayesalimia. Akasema, "Jambo, baba mudogo." Sikumuuliza maji yalikuwaje.

Amerudi Lubumbashi sasa. Ananipigia kila jioni kuuliza alama. Ndoo yangu inakunywa ya mti mmoja, sawasawa na hesabu yake. Yako, isiyo na mti, inapungua kiasi hichohicho. Kwa hiyo sheria ya mama imetimia.

Jana mchana kuran ilikatika tena. Ndoo yangu ikanyamaza mara moja. Yako haikunyamaza.

Nilitoka nje nikakata bua la papai. Nikarudi, nikakaa kwenye kigoda, nikainama juu ya ndoo yako. Maji yalikuwa meusi, na uso ulionitazama kutoka chini ulikuwa wangu, ila ulikuwa umefunga mdomo. Nikafunga pua yangu kwa vidole viwili, kwa nguvu, ili uone. Nikaanza kupuliza.

Nilishindwa, Kabanga. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu nilishindwa kihalali. Nilikohoa, nikafuta machozi, na weye ukaendelea mara tatu zaidi, mafupi na refu, kwa majivuno.

Furahi, umestahili. Lakini usininyooshee ndoo bado. Nina mavuno yanakuja, nina magoti, na Tshala ameahidi kuleta watoto wake waone jina lako. Nitakapokuja, nitakuja kwa jina langu mwenyewe, na nitaleta sufuria ya bukari, safari hii ikiwa imejaa.

Ni minye, yule aliyetoka tumboni kwanza na hakurudi siku aliyoahidi,

Pacha wako