Matangi Niliyoyasahau Busanza

Mzee wangu,

Ni miezi saba tangu tukuzike. Ofisi yetu ya uinjinia ya Kiyovu bado ipo, meza yako nimepewa mimi, na sina tena wa kunisemesha Kiswahili chako cha Bukoba. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelifanya, ingawa mwanzo wake ni aibu.

Ile nyumba ya ghorofa ya Mama Diane pale Busanza, mahesabu niliyapiga mimi na sahihi ni yangu. Wapangaji wameshaingia. Mwezi mmoja baada ya mazishi yako nilipita kusalimia, nikainua macho, nikaona matangi mawili makubwa ya maji juu ya paa. Yalikuwa kwenye mchoro wa fundi bomba tangu mwanzo. Mimi ndiye sikuhesabu uzito wake. Chini ya paa hilo analala mama mmoja mpangaji na mapacha wake. Ufa haukuwepo hata mmoja, na hakuna aliyejua ila mimi.

Siku mbili nilijidanganya kwamba nitakuwa napita kuangalia tu. Halafu nikakumbuka ile nyumba ya Batsinda, mimi bado mgeni kazini, ulipogundua kwamba nguzo umezipangia nondo pungufu. Nilidhani utamsukumia fundi lawama. Wewe ukavua kofia mbele ya mwenye nyumba, mafundi wote wakisikia, ukamwambia, "Nimekosea mimi. Tubomoe." Siku ile nilikuona mjinga. Nisamehe.

Basi nikaenda kwa Mama Diane, nikamwambia vilevile. Alinifokea mpaka wapangaji wakatoka kusikiliza. Maji yalimwagwa siku hiyohiyo, na sasa matangi yako chini, yamejengewa msingi na kuwekewa pampu. Nyumba yake ya pili, ya kuishi mwenyewe, akampa injinia mwingine. Iliniuma, sitakuficha. Lakini usingizi nimeupata, na kwa hilo nakushukuru wewe, kwa sababu chuoni hakuna aliyewahi kunionyesha mtu mzima akisema amekosea.

Jana Mama Diane kanipigia. Huyo injinia mpya kamwambia nyumba hiyo ya pili iko sawa kabisa, wala hakuna kasoro. Anasema hatahamia mpaka niende kuitazama mimi.

Pumzika, Mzee wangu. Nitakwenda kesho asubuhi. Nikikuta kosa nitalisema, na siku likiwa langu tena nitalisema kwanza.

Mwanao wa kazi,
Claudine