Kilo za Baba

Jumatatu, 20 Januari 2025

Niko mjini Wote, kazini. Simu ya saa kumi na mbili asubuhi, kama kila siku. Baba, kutoka Kyuso: "Andika sabini na moja." Nikaandika. Tangu mshtuko wa moyo wa Agosti, moyo wake umebaki na nguvu nusu. Ukizidiwa, maji yatajaa mwilini, na kilo ndizo zitakazosema kwanza. Zikipanda mbili — hospitali. Sabini na moja. Asante Mungu.

Kazini nimefanya nililokatazwa. Utafiti wetu unakadiria ni nani kati ya wagonjwa kama yeye atakuwa hai baada ya miaka mitano. Nimemwingiza baba: umri, figo, nguvu ya moyo. Hamsini na nne kwa mia. Nimefunga kompyuta. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 24 Januari

Jana sabini na moja, leo sitini na nane! Baba anacheka, ati amerudi kuwa kijana. Dawa zinafanya kazi. Nimelia kwenye choo cha ofisi, kwa shukrani tu.

Jumatatu, 27 Januari

Sitini na tisa. Bado chini ya sabini na moja. Mama amechukua simu akasema baba siku hizi analala ameketi, ni joto. Joto la Kyuso nalijua. Nikarudi kazini.

Jumanne, 28 Januari

Leo sabini. Halafu Fartun, binti wa mwenye duka kule Kyuso, akanipigia. Baba hujipima dukani kwao, kwenye mizani ya magunia ya sukari.

"Muthoki dadangu, unajua mizani yetu iliharibika Alhamisi? Babako anapimwa kwa ile ya wanunuzi wa ndengu."

Ni msimu wa kuvuna ndengu, hizi choroko zetu. Na Kyuso nzima inajua mizani ile inakula kilo tatu kwa gunia.

Nikampigia baba. Si unajua ile mizani inaiba?

"Inaiba ndengu," akasema. "Mimi siuzwi."

Sabini na tatu, basi. Mbili juu. Yeye angalau alikuwa na sababu yake. Mimi niliyesoma niliona kilo tatu zimeyeyuka kwa siku moja, nikaita baraka; maji yakamkosesha kulala chali, nikaita joto.

Mzee Hamud, babake Fartun, hakungoja nimalize kueleza. Amefunga duka siku ya soko, akamweka baba kwenye pikapu yake, wakaenda. Nitamshukuru kwa lipi? Na Fartun, ambaye hakuna aliyemwomba aangalie?

Jumatano, 29 Januari

Hospitalini, kando ya kitanda. Wamemdunga dawa ya kutoa maji. Amelala chali kwa mara ya kwanza tangu wiki jana, na nimekaa nikisikiliza pumzi zake, moja moja. Sikuwahi kujua kitu kama hicho kinaweza kunishibisha.

Muuguzi Syombua amempandisha kwenye mizani.

"Hii haiibi?" baba amemuuliza.

"Hii ni ya serikali, mzee."

"Basi ndiyo naogopa zaidi."

Syombua amecheka hadi akashika ukuta. Baba hakucheka. Amerudi kitandani, akavuta blanketi, akanigeukia.

"Na ile kompyuta yako inasemaje? Nakujua, lazima umeniweka humo."

Nimemwambia angoje kidogo, niandike kilo kwanza. Sabini na moja nukta nane. Nimeandika polepole. Nimerudia tarehe.

Bado ananitazama.