Kijiti cha Oili

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya tisa nipo nyumbani. Tisa! Mzigo bado. Karani wa yadi ya malori anasema kesho, na kesho yake haina mwisho. Nimepanga kabati la vyombo mara mbili. Nimefagia ua uliokuwa umeshafagiliwa. Nikikaa kwenye kiti, mguu wa kushoto unatafuta klachi. Binti yangu kaniuliza, Mama unaondoka lini — wala hakuuliza kwa huzuni. Nimemchosha mtoto.

Baba naye hatulii. Miaka thelathini na mmoja ameendesha malori, sita amestaafu, na bado kila asubuhi anavaa kofia na kwenda yadi kana kwamba ana zamu. Kule wanamwita Mzee Sikio. Anasimama kando ya injini, anafumba macho, anatoa hukumu: nozeli ya tatu hiyo, haipulizi dizeli sawasawa. Wanafungua, nozeli ya tatu. Ila hayo ni ya zamani. Siku hizi wanamwitikia tu, "Sawa, Mzee," kisha wanaendelea na spana zao. Redio yake hapa nyumbani inapiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta. Nilimwambia akapimwe masikio. Akasema masikio yake yana afya kuliko adabu yangu.

Jumanne, 4 Machi

Mzigo umepatikana! Mifuko ya saruji, naondoka kesho asubuhi saa mbili.

Shemeji — mume wa mdogo wangu, ndiye fundi mkuu wa yadi — alibadilisha oili na chujio Jumamosi. Leo saa tisa alasiri nimepima mwenyewe. Kijiti cha kupimia kimetoka kimeloa mpaka katikati ya alama mbili, oili rangi ya asali. Mtu anaweza kulia kwa uzuri wa kitu kama hicho. Nimemsifu Shemeji, naye kasema lori hili analitunza kuliko mkewe, nisimwambie. Nitamwambia.

Lori langu ni Bi Mkubwa. Zee, halina kompyuta wala maringo. Lipe dizeli safi, hewa safi na oili ya kutosha, litakupeleka mwisho wa dunia likuombee na dua. Nimeliwasha, nikalisogeza kando ya gereji, nikamwacha Mzee hapohapo anazungukazunguka, nikarudi kufua.

Jumatano, 5 Machi

Nimenawa mara tatu, mikono bado inanuka moshi.

Nilichelewa. Binti alipoteza kiatu kimoja, tukakitafuta mpaka juu ya kabati. Nikafika yadi mbio, karatasi tayari, tajiri, mwenye malori, keshaangalia saa yake mara mbili. Nikapanda, nikawasha. Sikupima oili. Miaka kumi na nne ya kazi, sijawahi kuwasha asubuhi bila kuchomoa kijiti, na leo sikuchomoa. Nilipima jana, si ndiyo? Nilijiambia hivyo.

Injini ikanguruma vizuri. Dakika tatu, nne. Halafu mlio ukapanda. Sijagusa pedali ya mafuta! Nikatazama mguu wangu kama si wangu. Ikapanda tena, ikaanza kupiga yowe, moshi mweupe ukajaa yadi nzima. Nikazima ufunguo. Haikusikia. Nikauchomoa kabisa, nimeushika mkononi, na injini bado inazidi! Ilikuwa inakunywa oili yake yenyewe badala ya dizeli. Tulikuwa tunaambiwa habari hizi tukijifunza kazi, tukidhani ni za kututisha.

Watu walikimbia. Hata tajiri alikimbia, na tumbo lile. Aliyekuja mbele ni Shemeji peke yake. Akang'oa bomba la hewa, akaziba mdomo wa injini kwa ubao, akaulalia kwa kifua. Ikakohoa. Ikafa. Kimya kile sijawahi kukisikia.

Turbo imekwisha. Injini imepona, na aliyeiponya ni yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Wamemwaga oili mbele ya watu, wakapima kwa ndoo. Imezidi karibu lita kumi. Kumi! Tajiri akamgeukia Shemeji: nani aliyejaza oili humu? Shemeji akasema, mimi, Jumamosi. Basi. Hakuongeza neno.

Nikasema nilipima Jumanne, ilikuwa sawa kabisa. Tajiri akauliza, na jana asubuhi? Nikaanza kukunja karatasi za mzigo. Akasema dereva asiyepima na fundi asiyejua kipimo, wote wawili amewaona, ila mimi anahitaji niendeshe. Shemeji afukuzwe kazi, na Jumanne aje kuchukua vifaa vyake.

Namjua Shemeji. Anapima chumvi kwa kijiko akipika. Kwa nini hakujitetea?

Ijumaa, 7 Machi

Mdogo wangu amekuja, hakukaa. Kasema mumewe amelala kitandani anatazama dari, na yadi nzima inamwita Fundi Ndoo. Kaniuliza kwa nini sikupima. Nikamtolea ukali. Tumeachana vibaya.

Nimepasi nguo zote za nyumba hii. Hata mataulo.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimeliona dumu.

Mzee anamwagilia maua yake nyuma ya nyumba. Dumu jeupe la lita kumi, ameliosha vizuri, ila shingoni limebaki na utepe wa rangi ya asali. Nikamuuliza kalitoa wapi. Akasema yadi, lilikuwa tupu, kwa nini litupwe? Tangu lini? Tangu Jumanne.

Nikaenda kwa Shemeji na dumu kwenye mfuko. Aliponiona tu, akafunga mlango wa chumba ili mkewe asisikie.

"Nilimwona Mzee, shemeji. Jumanne jioni, anatoka nalo. Nikadhani anataka la maji. Tulipomwaga oili ndo nikaelewa."

"Na ukanyamaza?"

"Ulitaka nisimame mbele ya mafundi niseme baba mkwe hasikii tena? Mimi niliyekwenda kwake nimeinamisha kichwa kumwomba binti? Mkwe ni mkwe."

"Umekosa kazi!"

"Kazi ipo nyingine. Yeye ana kitu gani kingine?"

Nilimwonea hasira, nikamwonea haya, vyote kwa pamoja. Nimerudi kwa miguu, njia ndefu, dumu linanigonga gotini.

Jumapili, 9 Machi

Nilisubiri binti atoke. Nikakaa upande wa kulia wa Mzee, ndio wenye sikio la nafuu. Baba, Jumanne uliongeza oili? Bila kusita: ndiyo, injini ilikuwa inalia kavu, na mtu akisikia kilio hukaa akatazama? Nikauliza, ulipima? Akacheka. Yeye tangu lini anahitaji kijiti? Sikio lake ndilo kijiti.

Kavu! Injini ile ilikuwa inaongea laini kama mtu aliyeshiba. Kilichokauka si injini.

Nikamwambia ilizidi lita kumi, Baba, na aliyefukuzwa ni mkweo. Akasema, "Ee?" Nikarudia, kwa sauti. Akasema tena, "Ee?" — halafu akanyoosha mkono akaongeza redio.

Sijui kama hakusikia. Nadhani alisikia.

Kesho naenda kwa tajiri. Nimeamua. Nitasema yote, na la kwangu la kutopima.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda. Tangu saa moja nimesimama mlangoni kwa tajiri, maneno nimeyapanga kama mzigo, mazito chini, mepesi juu. Akafungua mlango, na nyuma yake yupo nani? Mzee! Anakunywa chai, amevaa ovaroli mpya ya buluu, mikunjo ya dukani bado inaonekana.

Tajiri akaniwahi. Amefikiri sana, akasema. Vijana hawa hawana uchungu na mashine. Kuanzia leo hakuna lori litakalotoka kabla Mzee Sikio hajaipitia oili yake. "Damu yako hiyo, dada. Mngekuwa naye tangu mwanzo, haya yasingetokea."

Nikamtazama Baba. Akatazama kikombe. Muda mfupi tu — nikaona anajua. Halafu tajiri akampiga bega, na uso wake ukafunguka kama wa mtoto aliyepewa zawadi, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nilifurahi kweli. Miaka sita sijauona uso ule.

Nikasema asante. Nikaondoka na maneno yangu yote.

Jioni alimwonyesha binti yangu mifuko ya ovaroli, mmoja mmoja. Mifuko saba. Mdogo wangu hapokei simu zangu.

Jumanne, 11 Machi

Naandika ndani ya kabini, daftari kwenye usukani. Turbo mpya imefungwa, saruji ipo nyuma, nasubiri karani alete muhuri. Saa mbili na robo.

Mzee amepita lori kwa lori tangu asubuhi. Kwa Bi Mkubwa aliagiza nimuwashie kidogo, akafumba macho, akaagiza nizime. Halafu nilikwenda kusaini karatasi. Niliporudi alikuwa anafunika boneti na kufuta mikono. Tayari, akasema, nenda salama. Sikuona alichofanya. Nimeuliza mafundi, kila mmoja anatazama spana yake.

Shemeji ameingia getini kuchukua vifaa vyake. Amemwamkia Mzee kwa heshima zote, kichwa chini. Mzee ameitika na kuangalia pembeni.

Muhuri umegongwa. Tajiri amepiga kofi mlango wangu: washa, dada, wateja wanangoja! Wote wamesimama kunitazama — mafundi, karani, madereva wawili wa zamu. Mzee ameinua dole gumba.

Nikishuka kuchomoa kijiti baada yake, mbele ya watu hawa, nimeshasema kila kitu. Hakuna haja ya maneno. Nisiposhuka, na ikapanda tena, leo hakuna fundi wa kulalia ubao. Yupo getini na sanduku lake.

Nimeshuka. Nimefungua boneti. Waliokuwa wanagonga chuma wameweka nyundo chini. Nimerudi kabini kuchukua kitambaa cha kufutia kijiti, na hapa ndipo ninapoandika, kitambaa tayari begani. Mzee amekuja mpaka chini ya mlango. Ameuliza kwa sauti kubwa, kuna nini mwanangu? Nimemjibu: napima oili, Baba. Wamenisikia wote, mpaka Shemeji kule getini, ameweka sanduku chini. Mzee ametega kiganja nyuma ya sikio, ananitazama usoni, anauliza tena, "Ee?" Naweka kalamu, nashuka kuchomoa kijiti.