Mwanakombo wa Ngomeni

Malindi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Natumai barua hii itakukuta umeketi barazani, na goti limekupumzisha kidogo. Je, ile dawa ya kuchua aliyokuletea mdogo wangu imekufaa? Mimi sijambo, ila nimewakumbuka mno, na mkate wa mofa wa huku haufiki wako.

Uliniuliza kazi gani hii ya kuandika watu wenye saratani. Mama, nazunguka hospitali za huku, kuanzia Malindi mpaka Kilifi, nikinakili kutoka kwenye mafaili umri wa mgonjwa, kwao ni wapi, saratani imemshika wapi na ilikuwa imeenea kiasi gani alipokuja. Karatasi hupelekwa Nairobi zikajumlishwa na za mikoa mingine. Majina hayatangazwi. Hapo ndipo wakubwa huona maradhi yamezidi wapi na wapi watu wanachelewa kutibiwa, wapate kujua pa kupeleka madaktari.

Shida ni kuhakikisha mtu mmoja hahesabiwi mara mbili. Miezi michache iliyopita nilimkuta Mwanakombo mmoja wa Ngomeni kwenye mafaili ya Malindi, na mwingine wa huko huko kwenye orodha ya Mombasa, kwa jina tofauti la pili. Wote saratani ya titi. Nikapanda lori la chumvi nikaenda Ngomeni kuuliza.

Mumewe, Bwana Athmani, alinizuia mlangoni. "Mwataka kumwandika mke wangu ili watu wamseme?" Lakini aliposikia lafudhi yangu ya kwetu Faza akaniuliza mimi ni wa nani huko. Tukatajiana watu, akanikaribisha.

Kumbe alikuwa ni yeye mmoja. Mombasa walimwandika kwa jina la mumewe. Alikwenda amechelewa, wakamrudisha nyumbani na dawa za maumivu tu. Nilimkuta ametengwa chumba cha uani, sahani yake mbali, kikombe chake mbali. Binti yake Zuhura alikuwa amesimama kizingitini na mtoto mchanga, haingii. Majirani walimwambia ugonjwa ule huambukiza.

Mwanakombo akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wewe unayetuandika, wako wengine kama mimi?"

"Wako, mama. Wa mjini, wa Marafa, wenye mali na wasio nayo."

"Na wanaowauguza? Nao mwawaandika?"

"Hatuwaandiki, maana hawaupati ugonjwa kwa kuuguza. Daktari atakwambia vivyo hivyo. Saratani ya titi haishiki kwa kugusana wala kwa kula pamoja."

Zuhura akavua viatu, akaingia, akamlaza mtoto mapajani mwa mamake. Mwanakombo alimgusa kichwa kwa ncha ya kidole kwanza, kama anayeogopa kumuunguza, kisha akamkumbatia. Mimi nilitoka uani, mama, nisije nikalia mbele yao.

Juzi Bwana Athmani alikuja mwenyewe ofisini. Nilimwekea kiti, hakukaa.

"Mwenzangu ametangulia," akasema. "Nimekuja mumwandike, hesabu yenu isiwe ya uwongo."

Nikampa pole, nikaandika. Bado amesimama.

"Andika pia kwamba hakula peke yake. Tangu siku ile tulikuwa naye sinia moja, mimi na Zuhura, mpaka alipokuwa hawezi tena kumeza."

Karatasi zetu hazina mahali pa maneno hayo. Sikumwambia hivyo. Niliyaandika pembeni, naye akasimama akiiangalia kalamu yangu mpaka nikamaliza, ndipo akaondoka.

Mama, ukihisi uvimbe wowote mwilini, hata usiouma, usione haya na usinifiche. Nitakuja nikupeleke mwenyewe.

Nisalimie baba, na wifi yangu mzazi, nibusie mtoto wake. Shangazi wa chuo cha Kurani mwambie namwomba aniombee dua, na aniombee na huyu Mwanakombo. Mungu akuweke, akupe na usingizi mzuri.

Ni mimi, kifungua mimba wako,
Mwanaamina